PAA LINALOVUJA: TUZIBE AU TUEZEKE UPYA?
Somo la nyumbani kwa ajili ya vikundi na jamaa



Kila mwaka, pamba ikisha kuuzwa na mpunga kuingizwa ghalani, huja majira ambayo katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita watu hutazama juu. Mvua za kwanza hutazamiwa mwezi wa Oktoba au Novemba. Baba anakumbuka sufuria tatu zilizokuwa zikiwekwa chini ya paa usiku wa Machi. Mama anakumbuka godoro lililooza. Fedha kidogo ipo, lakini ada ya shule nayo ipo, na deni la mbolea lipo. Ndipo swali linapoulizwa: tuzibe tena, au tuezeke upya?

Swali hili si dogo. Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili, na yafaa tuanze kwa kukiri. Nyumba ya mwinjilisti wetu ilivuja. Tukachanga, tukanunua lami, tukaziba. Mwaka uliofuata ikavuja mahali pengine, tukaziba tena. Tulifanya hivyo miaka minne, na kila mara tulijipongeza kwa kuokoa fedha. Mwaka wa tano fundi alipopanda, mguu wake ulizama katika paa hadi gotini, maana mbao zilizolala chini ya bati zilikuwa zimeliwa na mchwa, zimebaki unga. Tulipojumlisha yale tuliyotoa kwa miaka minne, tuliona kwamba yangetosha kununua mbao zote mpya na baadhi ya mabati. Tena tumshukuru Mungu kwamba hakuna mtoto aliyekuwa amelala chini siku ile.

Basi katika somo hili tutaonyesha jinsi ya kuamua kwa akili, si kwa hofu wala kwa kuona aibu mbele ya jirani.

1. TUJUE KWANZA MAJI YANAINGIA WAPI

Kosa la kwanza la wengi ni kuziba pale tone linapoangukia. Maji hayana desturi ya kushuka wima. Yakiingia juu karibu na kofia ya paa, hutambaa chini ya bati mpaka yakutane na papi, kisha hufuata papi ile hatua mbili tatu, ndipo yaanguke juu ya kitanda chako. Kwa hiyo tundu liko juu kuliko tone, na mara nyingi liko kando yake.

Fanyeni hivi. Mchana wa jua kali, mtu mmoja aingie ndani, afunge milango na madirisha, akae gizani kidogo mpaka macho yazoee. Kila mahali mwanga unapopenya kama nyota, ndipo pana tundu. Apitishe kijiti kutoka ndani, na mwenzake aliye nje aweke alama kwa chaki. Kama hakuna mwanga unaoonekana na bado nyumba inavuja, tazameni mapishano ya mabati, kofia ya paa, na pale paa linapokutana na ukuta.

Sababu za kawaida ni nne: misumari iliyolegea, mabati yaliyopishana kidogo mno, kofia iliyoinuliwa na upepo, na kutu. Tatu za kwanza hutengenezeka kwa gharama ndogo. Ya nne ndiyo inayohitaji mashauri.

2. TUKAGUE KUANZIA CHINI, SI KUANZIA JUU

Watu wengi hupanda juu ya paa kabla ya kutazama kile kinacholibeba paa. Imetupasa kukagua kwa utaratibu huu: msingi, ukuta, kenchi, papi, kisha bati.

Ukuta. Wale wanaokaa penye udongo mweusi wa mbuga wanajua tabia yake. Wakati wa mvua huvimba, wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha huinuka na kushuka kila mwaka. Ukuta ukisogea, kenchi husogea, misumari hung'oka, na paa huvuja. Hapo mwenye nyumba akinunua mabati mapya, mwaka wa pili yatavuja kama ya zamani, kwa sababu ugonjwa uko chini. Chukueni penseli, mchore mstari mahali ufa unapoishia, na kando yake mwandike tarehe. Baada ya miezi mitatu mtazame. Ufa uliosimama waweza kuzibwa. Ufa unaotembea unataka fundi wa msingi kabla ya fundi wa paa. Hata wale walio karibu na mahali pa kupasulia miamba kwa baruti wafanye hivyo, maana alama yenye tarehe ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Kenchi na papi. Chukueni bisibisi au msumari wa inchi nne. Chomeni mbao hasa pale zinapokaa juu ya ukuta, kwa kuwa ndipo mchwa hupandia na ndipo unyevu hukaa. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyoliwa hupokea msumari kama ugali. Tazameni pia vijia vya udongo vya mchwa ukutani, na unga mweupe wa bungua sakafuni. Gongeni kwa nyundo na kusikiliza: sauti kavu ni ya mbao nzima, sauti ya mtungi mtupu ni ya mbao iliyokwisha ndani.

Bati. Kutu ya juujuu hutoka ukisugua kwa brashi ya waya, na chini yake chuma bado ni kigumu. Kutu mbaya huacha maganda, na ukisukuma kwa ncha ya msumari kwa nguvu ya mkono tu, unapenya. Hesabuni mabati mangapi yako hivyo, kisha muandike.

Tena angalizo: asipande mtu peke yake, wala paa likiwa limelowa. Ngazi ishikwe na mtu. Anayepanda akanyage juu ya mstari wa misumari, maana chini yake pana papi, asikanyage katikati.

3. UPEPO NA MVUA YA MAWE

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata, katika wilaya ya Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiangukiwa na nyumba zao. Walikuwa wamelala, kama sisi tulalavyo. Hatusemi hayo ili kutisha, wala hatuwahukumu waliofiwa, maana dhoruba ya namna ile ingevunja hata nyumba nyingine nyingi. Lakini msiba ule unatufundisha kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Ukuta wa tope ukilowa maji hupoteza nguvu. Paa likiondoka, mvua hupiga juu ya ukuta moja kwa moja, na ukuta usio na kitu cha kuushika juu huanguka kwa urahisi.

Kwa hiyo katika kukagua tusiulize tu, "Je, linavuja?" Tuulize pia, "Je, limefungwa?" Katika nyumba nyingi tulizotazama, kenchi imewekwa tu juu ya tofali la mwisho, ikashikwa kwa msumari au kwa uzito wake. Upepo hausukumi paa kwa pembeni tu. Ukipita juu yake hulivuta kwenda juu, na ukiingia dirishani hulisukuma kutoka ndani. Paa la bati ni jepesi. Lisilofungwa huruka.

Dawa yake si ghali. Waya mnene au ukanda wa chuma upitishwe chini ya matofali kadhaa, si chini ya tofali moja la juu, kisha uzungushwe juu ya kenchi na kukazwa. Jambo hili laweza kufanywa hata katika nyumba ya zamani bila kuezua. Kama fedha yenu haitoshi kitu kingine chochote mwaka huu, fanyeni hili.

4. TUPIGE HESABU

Bwana wetu, katika Luka mlango wa 14, alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Na sisi tukae tuhesabu.

Njia ni hii. Chukua gharama ya kuziba, uigawanye kwa miaka ambayo kiraka kitadumu. Kisha chukua gharama ya kuezeka upya, uigawanye kwa miaka ambayo paa jipya litadumu. Linganisha.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kuziba ni shilingi 150,000, na fundi mwaminifu anasema kutadumu miaka 2. Hiyo ni shilingi 75,000 kwa mwaka. Paa jipya ni shilingi 1,800,000, nalo litadumu miaka 25. Hiyo ni shilingi 72,000 kwa mwaka. Hapo aliyedhani kuziba ni rahisi ameona kwamba ni ghali zaidi. Lakini kama mabati ni mazima na kuziba kutadumu miaka 8, gharama yake haifiki shilingi 19,000 kwa mwaka, na ni upumbavu kuezua paa zima kwa ajili ya kumfurahisha jirani. Weka bei za dukani kwenu mahali pa namba zetu, upate jibu lako mwenyewe.

Baada ya kutazama nyumba nyingi, sisi tunatumia kanuni hii:

Mbao ni nzima, na mabati mabovu hayazidi moja katika kila manne: zibeni, na badilisheni yale mabovu tu.

Mbao ni nzima, lakini karibu nusu ya mabati imekwisha: ezekeni upya juu ya mbao zilezile, baada ya kuzikaza.

Mbao zimeliwa: ezueni, hata kama mabati yanang'aa. Bati zuri juu ya mbao iliyooza ni hatari kuliko bati bovu juu ya mbao nzima, kwa sababu halionyi.

Ukuta unatembea: msiguse paa kwanza. Tengenezeni ukuta.

5. HABARI ZA PAA LA NYASI

Wako wasomaji wetu wenye nyumba za nyasi, na wasifikiri somo hili si lao. Nyumba ya msonge ya wazee wetu ilikuwa na hekima: paa la mwinuko mkali ambalo maji hayakai juu yake, na baridi ndani wakati wa jua. Nyasi zenye kuezekwa vizuri hudumu miaka, na moshi wa jikoni ulisaidia kufukuza wadudu. Lakini nyasi na miti ya fito zilipungua sana hapa kwetu misitu ilipofyekwa. Ndiyo maana mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliwatia watu moyo kurudia desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ipumzike mpaka nyasi na miti irudi. Mwenye ngitili yake leo ana nyasi za kuezekea. Asiye nayo hununua, na gharama hurudi kila baada ya miaka michache.

Paa la nyasi likivuja mahali pamoja, chomekeni mafungu mapya chini ya yale ya juu. Likiwa limelainika kote na kuwa jeusi kama mbolea, kiraka hakishiki. Tena mnapofikiri kuhamia bati, kumbukeni kwamba fito za nyasi hazitoshi kushika bati dhidi ya upepo. Wengi wamepigilia bati juu ya fito zilezile, na dhoruba ya kwanza ikalipeleka shambani.

6. MKIAMUA KUZIBA

Msumari uliolegea msiurudishe katika tundu lake. Ng'oeni, zibeni tundu, na pigilieni mwingine mrefu zaidi kando yake, wenye kofia pana na raba chini yake. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita.

Tundu dogo lisuguliwe kwanza mpaka chuma kionekane, lipakwe lami, liwekewe kitambaa kigumu, kisha lami tena. Msitumie saruji. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, lakini saruji haitanuki pamoja nalo, itapasuka.

Bati jipya la kiraka liingizwe chini ya lile la juu na kulala juu ya lile la chini. Likiwekwa kinyume, linaongoza maji ndani.

Kama paa ni la asbesto, kama yalivyo baadhi ya majengo ya zamani, msilikate, msilitoboe, wala msilisugue. Vumbi lake huleta saratani na magonjwa mengine ya mapafu. Waulizeni maafisa wa afya au mazingira wa halmashauri kabla ya kuligusa.

7. MKIAMUA KUEZEKA UPYA

Fanyeni kazi hiyo kati ya Juni na Septemba. Nunueni vitu vyote kwanza, ndipo mwezue. Tumeona nyumba ya tofali mbichi iliyoezuliwa Oktoba kwa kutumaini fedha ya dhahabu ambayo haikuja. Mvua ya Novemba ilipofika, nyumba ikawa kichuguu.

Ukinunua bati, uliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko zote mbili. Katika miji ya machimbo, ambako watu hujenga haraka ili wapangishe haraka, bati jembamba ndilo linunuliwalo sana, kwa kuwa mwenye nyumba halali chini yake. Wewe utalala.

Ili usidanganywe idadi, pima mwenyewe. Nyumba ya mita 8 kwa 6, ikiwa na ukingo wa sentimita 60 kila upande, ni mita 9.2 kwa 7.2, yaani mita za mraba 66 hivi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mwinuko, upate karibu 73. Ikiwa bati moja, baada ya mapishano, hufunika mita za mraba 1.9, unahitaji mabati 39 hivi. Fundi akisema 55, mwulize kwa upole anajenga nyumba ngapi.

Mapishano ya juu na chini yasipungue sentimita 15, na paa likiwa limelala sana yaongezwe. Mapishano ya ubavuni yawe mgongo mmoja na nusu au zaidi, na mdomo wake uelekee kule upepo wa mvua usikotoka. Kwenye kingo na karibu na kofia, misumari iwe mingi zaidi, kwa sababu ndipo upepo huanza kufunua. Paa la baraza litengwe na paa la nyumba, ili baraza likichukuliwa lisiondoke na lote.

Paa jipya liwekewe mfereji wa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Katika mwaka wa mvua ya milimita 700, nyumba yetu ya mfano, ambayo paa lake hufunika mita za mraba 66 za ardhi, hupokea lita zipatazo 46,000. Hata zikipotea nyingi, mama amepunguziwa safari nyingi za kisimani. Lakini nyumba ambayo karibu nayo dhahabu huchomwa kwa zebaki, maji ya paa lake yasinywewe wala kupikiwa, maana mvuke wa zebaki hutua juu ya bati.

8. ASIYE NA UWEZO

Imebaki habari ya yule ambaye hesabu yake imemwambia aezeke upya, na mkono wake hauna kitu. Katika mtaa wetu yuko mama mjane mwenye wajukuu watano. Tulimwendea tukiwa na kopo la lami. Akatutazama, akasema, "Wanangu, lami mliileta mwaka jana." Tuliona haya. Tulipochoma mbao zake, mbili zilipokea msumari mpaka kichwani.

Hatukuwa na fedha ya paa zima. Kwa hiyo tulifanya chumba kimoja, kile wanacholala watoto: kenchi mpya, papi mpya, mabati 12, na waya wa kufunga. Vyumba vingine viwili tuliviahidi miaka miwili inayofuata, na ahadi ile tuliiandika katika daftari la mtaa ili isisahauliwe. Vijana walitoa nguvu, Umoja wa Mama wakapika, seremala akapunguza ujira. Mvua ilipokuja tulimpitia asubuhi. "Habari za usiku, mayu?" Akajibu, "Wamelala."

Sheria ya zamani katika Kumbukumbu la Torati 22:8 ilimwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na damu yake kuwa juu ya nyumba ile. Paa zetu si za kutembelea juu, lakini agizo lile bado latufaa: mwenye paa huulizwa habari za walio chini yake. Basi kabla mvua hazijaanza, chukueni msumari wa inchi nne, mkachome mbao zenu. Na mkimaliza, mpite kwa jirani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yako, maji huingia wapi, na umepata kujuaje?
2. Jumlisha fedha uliyotumia kuziba kwa miaka mitatu iliyopita. Ingenunua mabati mangapi?
3. Je, kenchi zako zimefungwa ukutani? Kwa kitu gani?
4. Ni nyumba ipi katika mtaa wetu ambayo haifai kupita mvua ijayo kama ilivyo? Tutafanya nini, na nani ataandika katika daftari?